Kikwembe Katika Boti ya Bulaimu

Mume wangu Bulaimu ana wivu, na hilo si siri. Hata mbuzi wa Nyangwe wanalijua. Redio ilipopata mtangazaji mwenye sauti nzito, Bulaimu alikuwa akiizima kila nilipokaa karibu nayo kuchambua mchele, akisema tunalinda betri. Nilipopanda pikipiki kwenda soko la Kasongo, aliweka beseni tupu kati yangu na dereva, eti la kubebea chumvi wakati wa kurudi. Chumvi ya kujaza beseni lile ingekaa nyumbani mpaka wajukuu waoe.

Mimi, kinyume chake, nilijulikana kama mwanamke asiye na wivu. Wake za watu wakigombana na waume zao walitumwa kwangu wapate mfano. "Mtazameni Mama Soraya," waliambiwa. "Mume wake alikuwa anasafiri miezi na miezi, na yeye hakuuliza kitu." Nami niliinamisha kichwa kwa upole, nikaendelea kumenya mihogo yangu. Heshima ile ilikuwa tamu, sitadanganya.

Mwaka uliopita pikipiki ilinitupa kwenye mchanga, njia ya Kasongo, mimi na beseni langu. Beseni halikupata kitu. Nyonga yangu ya kushoto ndiyo iliyoharibika, na tangu siku ile siwezi kukaa juu ya pikipiki, wala siwezi kukaa ndani ya mtumbwi. Mtumbwi wa kuchonga unataka ukae chini kabisa, miguu imenyooka, matako kwenye maji. Nikishuka hivyo, kuninyanyua kunahitaji wanaume wawili, na Bulaimu hakubali hata mmoja.

Shida ni kwamba dada yangu mkubwa, yaya Safi, anaishi ng'ambo ya Lualaba, kwenye kijiji cha wavuvi chini kidogo ya mto. Macho yake yamefunga, haoni tena. Wajukuu wake humbonyezea simu, halafu wanamwekea sikioni, naye huongea kwa sauti kama anayeita watu shambani.

"Njoo nikushike uso," aliniambia. "Mimi ninakukumbuka ukiwa msichana. Si haki, mimi peke yangu nizeeke."

Nilimwambia nitakuja. Nilikuwa namwambia hivyo kila wiki, na kila wiki sauti yake ilikuwa imepungua kidogo.

Jirani yetu Lwamba, mwenye mitumbwi mikubwa kuliko yote pale kwetu, alisikia shida yangu. Akaja mpaka uwanjani, akasema bila ubaya wowote, "Bulaimu, usisumbuke. Nitaweka kiti cha plastiki ndani ya mtumbwi, nimubebe Mama Soraya mimi mwenyewe."

Ni lazima mjue kwamba zamani, kabla ya Bulaimu, huyo Lwamba aliwahi kupeleka watu kwa baba yangu kuniposa. Baba alikataa kwa sababu Lwamba alinuka samaki. Bulaimu hakunuka kitu, kwa sababu hakuwa na kazi. Basi Bulaimu aliposikia neno "nimubebe", alisimama, akashukuru kwa heshima zote, na siku ileile akaagiza mbao. Atanitengenezea boti ya mbao, alisema, boti yenye benchi la kukaa kama mtu. Itajengwa hapahapa uwanjani, mbele ya macho yake.

Fundi alitoka mbali. Jina lake Aganze, mtu wa Idjwi, kile kisiwa cha ziwa Kivu ambako watu wanazaliwa wakiwa na nyundo mkononi. Alishuka Kabambare kuchimba dhahabu kama vijana wote wa huko juu, akachoka na mashimo, na Bulaimu alimpata Wamaza, hukohuko kwenye machimbo, akitengeneza milango. Alifika na vyombo vyake nyuma ya pikipiki. Alikuwa na mikono mirefu na mdomo mtamu.

Siku ya kwanza alikula bugali na sombe, yale majani ya mihogo yaliyotwangwa, akafuta sahani kwa kidole, akasema, "Koko, hii sombe yako inaongea." Kwao Kivu, koko ni bibi, mtu mzee wa kuheshimiwa.

Bulaimu akauliza, "Inaongea nini?"

"Inasema niongeze, mzee."

"Uiambie sufuria imekwisha."

Sufuria haikuwa imekwisha. Kuanzia kesho yake Bulaimu alimpelekea fundi sahani yeye mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kufanya hata nilipokuwa mzazi. Na kiti chake alikiweka kati ya jiko na boti, akakaa hapo tangu asubuhi, akihama na kivuli.

Nilimwambia, "Baba Soraya, mimi ninakaribia miaka sabini, na nyonga iliyobaki ni moja."

"Mimi sijasema kitu," akajibu. "Ninalinda misumari."

Hata hivyo boti ilikua. Kwanza uti wake, mti mmoja mrefu uliolala juu ya magogo, halafu mbavu, halafu mbao zikapanda moja juu ya nyingine mpaka ikawa na tumbo. Uwanja wetu unaishia kwenye kijito kinachoingia Lualaba. Wakati wa mvua kijito kinajaa mpaka karibu na jiko. Kiangazi kinapoanza maji yanaondoka, tunabaki na matope na vyura. Mpango ulikuwa boti iingie majini kabla ya mwezi wa tano kwisha, kijito kikiwa bado na nguvu ya kuibeba. Ikichelewa, itakaa juani mpaka mvua nyingine, mbao zitapasuka, na dada yangu, kwa namna alivyokuwa akiongea, sikumwona akifika mvua nyingine.

Ikabaki kuziba mishono. Aganze alitueleza kwamba kati ya mbao na mbao kunaingizwa nguo iliyosokotwa kama kamba, ikachovywa kwenye mafuta ya mawese yaliyochemshwa na utomvu wa mti, halafu inagongwa kwa patasi butu mpaka ishibe. Ikilowa inavimba, maji yanakosa njia.

"Lakini nguo isiwe mupya," akasema. "Mupya iko na dawa ya dukani, inakataa mafuta. Mutafute ile imefuliwa mpaka imechoka."

Bulaimu alifurahi kupita kiasi. Kwetu mwanamke aliyeolewa havai nguo aliyopewa na mwanaume mwingine; kikwembe, yaani kitenge, kinatoka kwa mume, na mume mwenye wivu anavijua vyote kama mwalimu anavyojua watoto wa darasa lake. Nilileta valizi yangu ya nguo, akakaa kando yake. Nilipotoa kimoja, alikitaja.

"Hiki, Soraya alizaliwa. Hiki, ule mwaka maji yaliingia mpaka musikitini. Hiki ulikasirika kwa ajili ya mama yangu, nikakuletea usirudi kwenu."

"Hicho kilipasuka upesi," nikasema.

"Na hasira yako ilipasuka upesi. Kata."

Aliamuru vyote vya zamani vikatwe. "Boti yote iwe jasho langu," alisema. "Ukikaa ndani, hata maji yajue wewe ni muke wa nani."

Basi tulikata, Aganze akasokota, akachovya, akagonga. Ilipofika Ijumaa, Bulaimu alivaa kofia yake akaenda kusali. Alituacha kwa shida, akigeuka nyuma mara kwa mara mpaka njiani. Hajatoweka vizuri, Aganze akaniita. Ulikuwa umebaki mshono mmoja, chini, katikati ya boti, na nguo zimekwisha.

"Hata kipande, koko."

Nilifungua valizi. Chini kabisa, chini ya karatasi niliyotandika, kililala kikwembe cha buluu chenye miavuli ya manjano.

Hicho inabidi nikieleze.

Zamani, Soraya akiwa bado ananyonya, Bulaimu alikuwa anabeba mchele na mawese kwenda kuwauzia wachimba dhahabu upande wa Kabambare. Alikaa Wamaza kuliko alivyokaa nyumbani. Siku moja, yeye akiwa safarini upande mwingine, aliingia uwanjani kwangu mwanamke mwenye mzigo kichwani na vumbi mpaka magotini. Aliniuliza kama ni hapa kwa Bulaimu. Nikasema ni hapa.

"Na wewe ni dada yake?"

"Mimi ni mke wake."

Alitua mzigo polepole sana. "Aliniambia mke wake alikufa," akasema.

Nilikuwa natwanga sombe. Niliutazama mchi wangu. Kwa maiti, nilikuwa natwanga vizuri.

Jina lake lilikuwa Fifi. Alikuwa anauza chai na mikate kwa wachimbaji, Bulaimu alikuwa amemwomba ndoa, naye akataka kwanza kuona nyumba anakoitiwa. Mtu aliyetembea kutoka Wamaza huwezi kumfukuza bila kumlisha, kwa hiyo nilimlisha. Alipokuwa anakula nilimchunguza nikitafuta kasoro, hata jino, hata kisigino. Sikupata. Hiyo iliniudhi kuliko mambo mengine yote. Alipomaliza aliosha sahani yangu, akafungua mzigo, akatoa kikwembe cha miavuli.

"Hiki alininunulia yeye," akasema. "Angeniambia upo, labda ningekubali kuwa wa pili, labda ningekataa. Lakini mimi siingii nyumba ambamo mwenye nyumba amezikwa mzima." Akaondoka, na sikumwona tena.

Nilibaki nimekishika. Ilikuwa waksi ya kweli, kitenge cha bei, nzito, ukiikunja inasimama. Vikwembe alivyoninunulia mimi ungeweza kuchuja chai navyo.

Sikumwambia Bulaimu kitu. Watu wasidhani ni uvumilivu. Ningesema, angejua kwamba imeniuma, na furaha hiyo sikutaka kumpa. Lakini kila aliposafiri nilifunga mlango wa chumba, nikavaa miavuli, nikajitazama kwenye kioo. Kioo chetu kilikuwa kidogo, kwa hiyo nilijitazama vipande vipande, bega, kiuno, nyonga, nikitafuta kile alichokiona Wamaza. Halafu nilikivua, nikakifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama ninayemfua mtu. Miaka thelathini na zaidi nilikifua. Hakuna nguo Nyangwe iliyofuliwa namna ile.

Fundi alitaka nguo iliyochoka. Nilimpa. Alikikata, akakisokota, akakichovya, akaanza kugonga, na kila nyundo ilipotua nilisikia raha kifuani.

Bulaimu aliporudi alianza kukagua mishono mmoja mmoja, mikono nyuma. Akafika katikati, akainama. Ncha ya kikwembe ilikuwa imechomoza kidogo, kiasi cha kidole. Aganze alikuwa anangoja utomvu ukauke aikate. Na juu ya ncha ile kulikuwa na mwavuli mmoja wa manjano.

"Hii ni nini?"

"Ni nguo," nikasema.

"Mimi sikununua miavuli."

"Hukuninunulia, ni kweli."

Alinyooka. "Alinunua nani?"

"Mwanaume."

Aganze aliweka nyundo chini, akakumbuka kwamba ana kazi nyuma ya nyumba.

"Mwanaume gani?"

"Mwenye pesa, naona. Ni waksi ya kweli."

"Ninamujua?"

"Sana."

"Iko hai?"

"Iko hai, na anakula vizuri."

"Anaishi wapi?"

"Hapahapa Nyangwe."

Nilimjibu ukweli mtupu, na sijawahi kuwa na mchana mtamu kama ule. Alikuwa anapumua kama mvukuto. Nikafikiri, nimwache alale nao siku moja tu, huo wivu, aone unavyonuka. Kesho nitaziba yote kwa neno moja.

Sikujua atakavyofanya. Alichukua kisu, akaingia chini ya boti, akauvuta mshono. Kikwembe kilitoka vipande vipande, kirefu, kinachuruzika mafuta, kama utumbo wa mbuzi. Boti ikabaki na mdomo wazi katikati. Alivifua vile vipande kwa sabuni yeye mwenyewe, mtu ambaye hajafua soksi, akavitundika kwenye kamba, miavuli ikitazama njia. Akamwambia Aganze afunge vyombo. Boti haitagusa maji mpaka mwenye nguo ajulikane.

Halafu alianza kukaribisha wazee. Aliwaita mmoja mmoja, akawapa kahawa, akawauliza kama wanapenda rangi ile, akiwakodolea macho. Shehe alisema ni rangi nzuri, akaingia kwenye washukiwa. Mwalimu mstaafu wa shule ya mapadri alisema hapendi manjano, naye akaingia kwa sababu ya kujificha. Mwisho akamwita Lwamba.

Lwamba alikunywa kahawa, akageuza kichwa, akasema, "Hiyo nimeiona."

"Umeiona wapi?"

"Hapo hapo kwenye kamba yenu. Zamani. Ulikuwa safarini."

"Na wewe ulikuwa unatazama kamba ya muke wangu, mimi niko safarini?"

"Kamba iko njiani, Bulaimu. Nifunge macho nianguke?"

"Ungepita njia ingine."

"Njia ingine ni mto."

"Uko na mitumbwi," akasema Bulaimu, na mkono wake ulikuwa umeshika nyundo ya fundi. Lwamba alishika kasia lake. Walisimama hivyo, wazee wawili wenye meno kumi kati yao, mpaka Lwamba alipoanza kukohoa ikabidi wamkalishe.

Mimi sikucheka tena. Jua lilikuwa limekuwa kali, mvua hazikuja, na Aganze, ambaye hakuwa ameondoka kwa sababu alikuwa bado anangoja kuimaliza boti yake, aliniita kando, akanionyesha kijito. Jiwe letu la kufulia, ambalo wakati wa maji mengi halionekani, lilikuwa limetoa kichwa.

"Koko, tukipitisha hii wiki, boti itakuwa kuni. Mbao za chini zimeanza kulia. Usikie." Alizigusa, zikatoa mlio mkavu.

Jioni ile yaya Safi alipiga simu. Safari hii hakupaza sauti. "Boti imeingia majini?"

"Inavalishwa," nikamwambia.

"Basi iharakishe kuvaa. Juzi nilimshika uso mtoto wa jirani nikafikiri ni wewe. Akaogopa, maskini."

Nilimrudishia mjukuu wake salamu, nikazima simu, nikakaa. Neno la kuifungua boti lilikuwa mdomoni mwangu, ila lilikuwa na mkia. Nikisema Fifi, nitasema pia kwamba nilijua. Nikisema nilijua, ataniuliza kwa nini nilikitunza, na mtu hatunzi nguo ya mwanamke mwingine chini ya valizi yake miaka yote ile kwa sababu ya kupenda miavuli. Heshima yangu ya mwanamke asiye na wivu ingekwenda na maji, na mimi nilikuwa sina heshima nyingine ya akiba.

Asubuhi nilimkuta chini ya kamba. "Baba Soraya, ingia jikoni."

"Sema hapa."

"Hapa Lwamba anasikia."

Aliingia upesi. Nilisukuma mlango, nikamwambia, "Fifi wa Wamaza alikuja hapa."

Alitazama mafiga, akatazama mlango, akanitazama mimi. Mdomo wake ulijikunja ule mkunjo wa uongo, ninaujua, halafu ukaacha.

"Lini?"

"Ukiwa safarini. Soraya ananyonya. Alikuja kutazama nyumba, akanikuta maiti natwanga sombe. Akaniachia kikwembe chako."

Nilingoja aone haya. Alikuna shingo. Kisha akauliza, "Alikuja na nani?"

"Unasema?"

"Kutoka Wamaza ni mbali. Mutu mwanamuke hatembei peke yake. Nani alimusindikiza?"

"Bulaimu."

"Na kwa nini alitoa nguo yangu? Alipata ingine? Nani alimununulia?"

Hapo kitu kilipanda kutoka miguuni kwangu, kikapita kwenye nyonga mbovu bila kuihurumia, kikatokea mdomoni. Niliongea Kizimba, lugha ya mama yangu, kwa sababu Kiswahili hakikunitosha. Nilimwambia juu ya waksi nzito kwa mwingine na kichujio cha chai kwangu. Nilimwambia anionyeshe kaburi langu, nipalilie. Nilimwambia alikuwa mzuri, mshenzi yule, hata visigino. Nilimwambia kwamba nilikivaa, mlango umefungwa, nikajitazama kiuno kwenye kioo nikitafuta nilipopungukiwa. Hapo nilijisikia mwenyewe, nikafunga mdomo. Nilikuwa nimechelewa.

Bulaimu alikuwa ananitazama kama mtu aliyeambiwa mbuzi wake amezaa pacha.

"Uliona wivu," akasema polepole.

"Sikuona."

"Uliona wivu. Miaka yote hii."

"Nilikuwa nafua nguo."

Alivuta kigoda akakaa, magoti yake yakigusa mafiga. "Nilikuwa ninasafiri, hauulizi ninaenda wapi," akasema. "Ninarudi, hauulizi nilikuwa wapi. Unaniwekea maji ya kuoga, basi. Nikasema, huyu, siku nikifa, atafagia uwanja na kuendelea. Fifi alikuwa anauliza. Hata chai hamimini mpaka nijibu."

"Ndiyo ukaniua."

"Nilitaka anionee huruma." Alifikiri kidogo. "Ilikuwa vibaya. Ningesema umesafiri."

Huo ndio msamaha alioweza, sikupata mwingine. Alitoka, nikamsikia anavuta vitu kwenye kamba. Alirudi na vile vipande amevibeba kwa mikono miwili, uso umekunjuka, mtu aliyemaliza maadui wote kwa siku moja.

"Kumbe ni jasho langu," akasema. "Kirudi ndani ya boti."

"Hakirudi."

"Mama Soraya, nilikinunua mimi."

"Ndiyo sababu hakirudi. Siendi kumwona dada yangu nikibebwa na nguo ya Fifi."

"Ijumaa ulikitoa mwenyewe."

"Ijumaa ulikuwa haujui."

Akanitazama na furaha yake ikaongezeka, jambo lililonichoma zaidi. Tulikuwa tumesimama hivyo, watu wawili wenye wivu na boti yenye tundu, Aganze alipokohoa mlangoni.

"Koko, mzee, munisamehe. Kijito."

Nilitazama nje. Jiwe la kufulia lilikuwa limetoka mpaka mabegani. Nguo nyingine ya kuchoka sikuwa nayo. Iliyobaki ni niliyovaa, na ilikuwa mpya. Nilifikiria mikono ya yaya Safi ikishika uso wa mtoto wa jirani. Kisha nikafikiria jambo lingine, na hilo, lazima niseme, lilinisaidia zaidi.

"Uiweke," nikamwambia Aganze. "Na benchi langu ulipigilie juu yake hasa. Si mbele kidogo, si nyuma kidogo. Nitamkalia mpaka ng'ambo."

Aganze aliziba siku ile ile, na kesho yake, utomvu umekauka, watu walikuja kuvuta boti. Lwamba alishika kamba pamoja na wengine. Bulaimu alimpa mkono, akamwomba tu avute akiwa mbele yangu, asiwe nyuma yangu. Boti iliingia kijitoni, ikakwaruza tope, ikayumba, ikasimama juu ya maji. Nami nilipandishwa kwa ubao, nikakaa kwenye benchi langu, mgongo wima.

Ningependa kusema kwamba yaliyosemwa jikoni yalibaki jikoni. Lakini Bulaimu aliwaeleza wavutaji wote kabla kamba haijakauka. "Muke wangu iko na wivu mubaya sana," alikuwa anasema, kifua mbele. "Munamuona hivi. Anaweza kuua mutu." Wale wanawake waliokuwa wanatumwa kwangu kupata mfano walisimama kwenye ukingo, wameziba midomo kwa vikwembe vyao. Mmoja aliniuliza kama miavuli bado inauzwa Kasongo. Nilimwambia amuulize mume wake, huenda anajua.

Lualaba ilikuwa pana na ya kahawia, imetulia. Bulaimu alipiga kasia mbele, Aganze nyuma. Kila nilipokutanisha macho na mume wangu, ambaye alikuwa akigeuka nyuma kunitazama bila sababu, alitabasamu kama bwana harusi. Nilitazama chini ya miguu yangu. Pakavu.

Yaya Safi alikuwa ameletwa ukingoni, amekaa juu ya mkeka. Alisikia kasia, akanyoosha mikono hata kabla boti haijagusa mchanga. Nilishuka kwa shida, nikapiga magoti mbele yake, akanishika mashavu, paji la uso, kidevu. Alichukua muda.

"Umezeeka," akasema, ameridhika.

Bulaimu, kamba bado mkononi, hajafunga boti, akapaza sauti, "Shemeji, unajua hii dada yako iko na wivu?"

"Unaniletea hiyo leo?" akasema yaya Safi. Hakuondoa mikono usoni pangu. "Wakati wa yule mwanamke wako wa Wamaza, huyu mdogo wangu alivuka akaja hapa, Soraya mgongoni. Alilia mpaka majirani wakaleta mikeka, wakafikiri nimefiwa."

"Alilia?"

"Alilia na kamasi, shemeji."

Bulaimu alikaa kwenye mchanga, kamba mkononi, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimwambia aende upesi aitazame boti, maji yanaingia. Hayakuwa yanaingia. Nilitaka kubaki kidogo na dada yangu.